Wageni wa Shemeji Kule Norfolk

Miezi ya giza huku Stockholm mimi huitumia kusoma. Chuo sikukiona, nilichonacho nimekiokota kitabu kwa kitabu, nikitoka zamu ya basi na kupita maktaba ya mtaani kwetu Husby kabla ya kupanda nyumbani. Msimu mmoja wa baridi nilisoma kuhusu Norfolk, kaunti ya Uingereza iliyojitokeza baharini upande wa mashariki. Sababu ilikuwa dada mkubwa wa mke wangu, anayeishi Norwich, mji mkubwa wa huko. Tulikuwa tumepata pasipoti, na semesta, kama tunavyoiita likizo hapa hata tukizungumza Kiswahili, ilikuwa inakaribia.

Kilichonivutia ni jinsi eneo lisilo kubwa lilivyoweza kubeba nchi nyingi ndani yake: udongo mweusi wa mabwawa yaliyokaushwa, mchanga wenye misonobari, miamba ya rangi tatu, vinamasi vya majani ya maji ya chumvi. Nilipanga njia nzima. Nikakodi na nyumba ndogo kwenye pwani ya kaskazini, mahali ambapo ingekuwa rahisi kufika kila upande. Kisha nikampigia shemeji simu kumweleza, kwa furaha ya mtu aliyepanga vizuri.

"Tumekodi nyumba kule pwani," nilisema.

"Nyumba ya nini?"

"Ya kulala."

"Shemeji, mimi niko nalala ku barabara?"

Mke wangu, aliyekuwa akikata vitunguu, aliweka kisu chini na kunyoosha mkono apewe simu. Walizungumza muda mrefu kwa lugha ya kwao. Alipomaliza aliniambia, "Amesema kama tunalala kwa nyumba ya muzungu, tupite kwake tunywe chai kama watu wa kanisa, halafu twende zetu."

Kwetu, mashariki ya Kongo, kufika mji wa ndugu yako na kulala kwenye kitanda cha kulipia ni kutangaza ugomvi bila kufungua mdomo. Nililijua hilo. Lakini nimekaa Sweden kiasi kwamba desturi za watu wa hapa zimeniingia. Hapa hata mzazi hulala hotelini ili asiwasumbue watoto wake, na wote wanashukuru. Mke wangu na dada yake walikuwa hawajaonana tangu kambi ya wakimbizi kule Uganda, ambako faili la mmoja lilielekea Sweden na la mwingine Uingereza. Kuonana huko ndiko mke wangu alikokuwa anakuendea. Misonobari na miamba vilikuwa vyangu.

"Nikimkuta amenuna," alisema, "nitakuwa nimesafiri bure."

Nilijaribu kughairi ile nyumba, lakini pesa nilikuwa nimeshalipa na hazirudishwi.

Shemeji alitupokea kwenye stesheni ya Norwich. Yeye na mdogo wake walikumbatiana katikati ya njia, abiria wakawazunguka na masanduku yao kama maji yanavyozunguka jiwe. Walilia, wakaachana, wakatazamana, wakalia tena. Mimi nilipewa mkono. Usiku ule tulilala kwake, tukala hadi tukashindwa kuinuka, lakini mezani alisema mara mbili kwamba usiku mmoja ni wa mpita njia.

Asubuhi nilikuta gari lake limefunguliwa nyuma. Ndani mlikuwa na sufuria kubwa, mwiko, mfuko wa unga, sombe, yaani majani ya mihogo, iliyogandishwa, chupa ya mawese na mablanketi.

"Nimeomba ruhusa ku kazi," alimwambia mke wangu. "Tunaenda sisi wote. Mwambie bwana yako afunge mukanda."

Nilifunga mkanda. Kwa sehemu kubwa ya asubuhi niliambiwa mambo kwa njia hiyo, kupitia mke wangu, ingawa nilikuwa nimekaa nyuma ya dereva kabisa.

Tulipita kwanza kwenye mchanga na misonobari, nikatazama vizuri, maelezo yangu nikayaweka akiba. Baadaye ardhi ikalala tambarare, na udongo ukawa mweusi hadi upeo wa macho. Shemeji alisimamisha gari bila kumuuliza mtu. Hao wawili walikulia shambani. Walishuka, wakainama ukingoni mwa shamba, wakaufinyanga udongo mkononi na kuunusa.

"Hapa maharage yanaota yenyewe," alisema mke wangu.

"Na miaka yote hii hawakuniambia!" Shemeji alisema hivyo kama kwamba kuna ofisi iliyomficha. Anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Njia alizozijua zilikuwa mbili tu, ya kazini na ya kanisani.

Alasiri tulifika Hunstanton, kwenye mwamba niliousoma. Kweli ndivyo ulivyo: chini kahawia ya kutu, katikati mstari mwekundu, juu chokaa nyeupe, kama keki iliyokatwa kwa uzi. Mtu aliyezoea mawe ya Stockholm, yaliyo magumu na yaliyosuguliwa na barafu hadi yakawa kama mgongo wa kiboko, hawezi kuupita mwamba ule kimya. Nilijisahau. Nilieleza kwamba chokaa ile ni maganda ya viumbe wadogo sana wa baharini, na rangi ya kahawia chini inatokana na chuma.

Shemeji alinisikiliza hadi mwisho. Kisha, kwa mara ya kwanza siku ile, alinigeukia mimi mwenyewe.

"Haya yote nani alikufundisha?"

"Nimesoma, shemeji."

"Na ku kile kitabu hawakuandika namna ya kulala kwa ndugu yako?"

Mke wangu alicheka hadi akakaa kwenye jiwe. Na mimi nikacheka.

Nyumba tuliyokodi ilikuwa ya mawe ya gumegume, yenye mlango wa buluu, na mbele yake majani ya maji ya chumvi yaliyoenea hadi baharini. Shemeji alichukua ufunguo mkononi mwangu.

"Bon, haya. Nyinyi tembeeni kidogo. Muangalie bahari."

"Tukusaidie mizigo," nilisema.

"Nimesema muangalie bahari."

Tulitembea. Maji yalikuwa yamekupwa, na mifereji ya tope iling'aa kati ya majani; ndege walichimba kwa midomo mirefu. Mke wangu alikuwa na wasiwasi. "Amekasirika bado," alisema. "Unaona alivyotufukuza?" Tuliporudi mlango ulikuwa umefungwa, na harufu ya vitunguu na mawese ilikuwa imetoka hadi barabarani. Mke wangu alisimama, akanitazama, kisha akaelewa kabla yangu.

"Hodi!" aliita.

"Nani?" sauti ikauliza kutoka ndani.

"Sisi wageni!"

"Mumetoka wapi?"

"Stockholm! Mbali sana! Tumechoka!"

Mlango ulifunguka. Shemeji alikuwa amevaa kitenge kipya na kilemba, na nyuma yake meza imeandaliwa. "Karibuni! Karibuni kwangu!" Alimkumbatia mdogo wake kama kwamba ndiyo kwanza wanaonana, safari hii bila machozi. Mimi nilikalishwa kwenye kiti kizuri, nikaletewa maji ya kunawa. Nilipoinuka kuchukua sahani alinirudisha chini. "Mugeni haendake ku jikoni."

Siku zilizofuata alituendesha yeye, nami nilikuwa wa kutoa maelezo nikiombwa. Tulikula kaa wa baharini kutoka mji wa Cromer kwa ugali. Tulipanda mashua kwenye mito ya mashariki, kati ya matete na vinu vya zamani vya upepo. Tuliona ufuko ambako bahari inakula ardhi kila mwaka, na nikawaambia kwamba kwetu Stockholm ardhi inainuka kutoka majini. Shemeji alisema basi Mungu anachukua kwao na kupeleka kwetu, na mimi sikuona sababu ya kumsahihisha.

Jioni moja alipigiwa simu na mama mmoja wa kanisani. Aliongea akiwa amesimama mlangoni, kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani.

"Eh, siko Norwich, mama. Niko na wageni. Mudogo wangu na bwana yake." Akasikiliza. "Wanalala wapi? Si kwangu! Walale wapi tena? ... Apana, ile ingine. Kwangu ya ku bahari."

Mke wangu alificha uso kwenye kitenge cha dada yake, mabega yakitikisika kwa kicheko. Wakati huohuo mwenye nyumba alinitumia ujumbe kuuliza kama kila kitu kiko sawa. Nilimjibu kwamba tumepokelewa vizuri sana.