Udongo wa Kuchezea

Shule niliishia darasa la nne. Mengine nilijifunzia kwenye mchanga wa dhahabu, na mchanga huo ndio ulionifanya niuchukie udongo wote. Mume wangu alifukiwa ndani ya duara, ndivyo tunavyoyaita mashimo ya wachimbaji wadogo huku kwetu njia ya Nyakunguru, akatolewa siku ya tatu. Mimi nilikuwa juu, kwenye mwalo, mahali pa kuoshea. Miaka kumi na mmoja nilichanganya mchanga na zebaki kwa mikono mitupu. Leo mikono hiyo inatetemeka. Haya ninayoandika, kalamu naishika kwa mikono miwili.

Watu wakiandika mambo ya namna hii husema "watu fulani". Mimi sina watu fulani. Mwenye mwalo alikuwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, tumbo moja. Alijua kwamba zebaki ni sumu, maana yeye alivaa glovu. Hakuna siku aliyoniletea ya kwangu.

Basi chekechea ilipoanza kijijini na mimi nikapewa kazi ya kupika uji, nilitegemea kuona chumba chenye sakafu ya saruji. Chumba hakikuwepo. Watoto wenyewe ni wa watu kama mimi: mama anaponda mawe ya dhahabu, baba yuko duarani au hajulikani alipo. Mjukuu wangu wa kike wa miaka mitano, ninayemlea mwenyewe, alikuwa mmoja wao. Mwalimu, binti aliyetoka Bomani mjini, akasema hatungoji chumba, tutasomea nje, miti na wadudu ndio vitabu vyetu. Nilimwona kama mtu aliyekosa kazi ya kufanya.

Shemeji siku hizi ni mwenyekiti wa kitongoji. Akasimama kwenye mkutano akatoa kipande cha ardhi bure, jirani na mwalo wake wa zamani.

"Mpaka ni ule mstari wa mikonge," akasema. "Chini ya mikonge ndiko tulikokuwa tunaoshea. Juu ni pasafi."

Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga. Nilikuwa nimeosha chini ya ile mikonge, nikajua anasema kweli.

Wazazi walileta magogo ya kukalia, vibuyu vya kumwagia maji, vyungu vilivyopasuka. Tukakwangua shimo la tope, la kina cha kiganja tu. Mwalimu akaniambia neno moja lililoniuma: "Mama, nyasi ziache." Huku kwetu mwanamke anajulikana kwa uwanja wake. Nyasi zikisogelea mlango, wapita njia husema humo ndani hamna mtu. Niliziacha, lakini kila asubuhi nikizitazama nilisikia aibu usoni.

Siku moja nikiwa nakoroga uji nikaona watoto wote wamelala kifudifudi, kimya. Watoto ishirini na wawili, kimya! Nikadhani kuna nyoka. Nikaenda. Walikuwa wanatazama vishimo kwenye vumbi, vidogo, vyenye mdomo mpana na kuta laini kama unga. Chini kabisa amejificha kidudu, anangoja. Nilikuwa nimevipita vishimo hivyo maisha yangu yote. Nilikuwa nimevifagia.

"Bibi, hiki kinachimba duara," mjukuu wangu akaninong'oneza.

Siafu mmoja akafika ukingoni, mchanga ukateleza, akaanguka. Akapanda, mchanga ukateleza tena. Kule chini yule kidudu akawa anamrushia mchanga.

"Nani atamtoa?" mtoto akauliza.

Mwalimu hakumkimbilia na majibu. Mtoto alitazama mpaka mwisho, kisha akachukua ujiti mwembamba wa nyasi, akaushusha kwenye kishimo cha pili, ambako siafu mwingine alikuwa anahangaika. Yule siafu akaushika. Akapanda. Akatoka. Watoto walipiga kelele kama timu imefunga goli, na mimi nilirudi jikoni nikakuta uji umeungua, nikakaa chini nikalia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nilikuwa sijui kwamba ndani ya vumbi ninalolikanyaga kila siku mna jambo kubwa hivyo.

Kuanzia siku hiyo nikawa mwanafunzi wa ishirini na tatu. Niliona mdudu mweusi akiviringisha donge la mavi ya ng'ombe kubwa kuliko yeye, anarudi kinyumenyume, anaanguka, anaanza upya. Niliona kumbikumbi wakitoka baada ya mvua kama moshi unaotoka ardhini, na watoto wakiwahesabu mpaka hesabu zikawaishia. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili. Nilijiuliza hao wote walikuwa wapi miaka ile.

Halafu tukaambiwa wageni wanakuja kutoka wilayani. Mimi nikafanya lile ambalo mwanamke yeyote wa hapa angelifanya. Jumamosi asubuhi, mwalimu akiwa kwao, nikafyeka nyasi zote nikazichoma moto, wageni wasije wakatuona watu wa porini. Majivu yalipopoa nikafagia.

Chini ya majivu, ule udongo mwekundu ulikuwa mwembamba kama blanketi la mgonjwa. Ufagio ukautoboa. Chini yake kulikuwa na mchanga wa kijivu, laini, usioshikana. Sikuhitaji kuambiwa na mtu. Yalikuwa marudio, mchanga uliokwisha kuoshwa kwa zebaki. Yalianza hatua kumi juu ya mikonge na kwenda mpaka kwenye shimo la tope. Mle ndani mjukuu wangu alikuwa amesonga ugali wa tope miezi mitatu, na kama watoto wote, aliuonja.

Nilikwenda kwa shemeji siku ileile.

"Shemeji, marudio yamefikaje juu ya mikonge?"

"Mvua."

"Mvua inapandisha mchanga mlimani?"

Akacheka. "Nilisawazisha tu, nikafunika. Udongo si ni udongo? Sikiliza, shemeji. Kaa na uji wako. Ukifungua mdomo, chekechea haina pa kwenda, na huyo mjukuu wako atarudi kushinda na kuku."

Nilitembea kurudi nyumbani na maneno hayo. Alikuwa amenipiga pale penyewe. Nilikuwa nimemwona yule mtoto akifunguka kama ua la boga asubuhi. Nikisema, namnyang'anya. Nikinyamaza, namlisha kile kilichonila mimi.

Jumatatu nilimwambia mwalimu. Aliwatoa watoto kwenye tope saa hiyohiyo, akaita wazazi, hapohapo uwanjani. Shemeji alikuja amevaa koti.

"Huyu ndiye mnayemsikiliza?" akasema. "Itazameni mikono yake. Saa hizi ameshapiga gongo."

Baba mmoja kijana, mchimbaji, akadakia: "Kweli, mura! Hata upawa wa uji ukishikwa na huyu mama unacheza ngoma ya ritungu!" Watu wakacheka. Nami ningecheka, kama mikono ingekuwa ya mtu mwingine.

Nikaomba karai na ndoo ya maji. Nikachota ule mchanga wa kijivu chini ya shimo la tope, nikapiga magoti, nikaanza kuosha. Miaka sita sikuwa nimeshika karai. Mikono ilitetemeka, lakini viwiko vilikumbuka: zungusha, inamisha, mwaga, zungusha. Kicheko kikapungua. Kila mtu pale anajua karai linavyozungushwa na mtu anayejua. Mchanga mwepesi ukaenda na maji, ukabaki mweusi kidogo, kisha katikati ya weusi ule kikatokea kitone kimoja, cheupe, king'avu, kikikimbia huku na huku kama kina uhai.

Kilikuwa kizuri. Nasema ukweli, sijawahi kukataa hilo. Anga lote lilikuwa ndani yake.

"Bibi, nyota," mjukuu wangu akasema, akanyoosha kidole.

Nikampiga mkono. Sikuwahi kumpiga kabla ya hapo. Alinitazama, hakulia.

Yule kijana aliyenicheka akavua kofia. "Hiyo ni dawa," akasema, ndivyo wachimbaji wanavyoiita zebaki. Hakuna aliyeuliza dawa gani. Wengi waliiacha nyumbani kwenye chupa ya soda, chini ya kitanda. Mama mmoja akasema polepole, "Na sisi tunaoichomea jikoni?" Huko jikoni ndiko wanakoitenga na dhahabu, kwa moto.

"Basi nirudishieni ardhi yangu," shemeji akasema, akaondoka. Mpaka leo hanisalimii. Wale wageni wa wilayani walikuja na bwana afya, akachukua udongo kwenye vifuko, akazungushia utepe, akawaangalia watoto, akasema waletwe tena. Kila asubuhi nampa mjukuu wangu kikombe cha uji kilichojaa mpaka juu, abebe kutoka jikoni hadi kwenye gogo. Namtazama vidole. Hajui kwa nini sikijazi cha mtu mwingine hivyo.

Chekechea niliipa mwamba wangu. Upo nyuma ya nyumba, mpana kama uwanja, hapo nilikuwa naanika muhogo. Sasa naanika kwenye turubai, na muhogo mwingine unaota ukungu. Lakini mwamba haujawahi kuoshewa kitu. Una vishimo vya bao vilivyochongwa na watu ambao hata wazee wetu hawawajui, na mabonde laini ambamo wanawake wa zamani walisaga ulezi. Watoto wanahesabia mbegu mlemle. Mvua ikinyesha, mito midogo inashuka kila upande, na wao wanaiwekea mabwawa ya majani. Jua likitoka, mwamba wote unatoa mvuke, na wamesimama katikati ya mvuke ule miguu mitupu, nami nashindwa kukoroga.

Tangu nimpige, mjukuu wangu huuliza kwanza. Juzi alikuja na ngumi imefumbwa, akaifungua mbele yangu. Udongo mwekundu wa kichuguu, bado una unyevu, na ndani yake mchwa mmoja mweupe.

"Bibi, hii naruhusiwa kushika?"

Niliutazama, nikaunusa, nikaubonyeza kwa kidole changu kinachotetemeka. Ulishikana.

"Shika," nikasema. "Shika, mama. Na mimi nigawie."