Chumba Chekundu cha Mama Mkubwa

Mama Mkubwa wangu alikuwa akilipwa kwa kulia. Mwenyewe hakupenda niseme hivyo, alitaka niseme ni mwonjaji, lakini mtu anayerudi kazini kila siku macho mekundu na pua inachuruzika, kisha mwisho wa mwezi anapewa mshahara, mimi sijui nimwiteje. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha tambi za pakiti, zile za kumwagia maji moto na kufunika kidogo, na kazi yake ilikuwa kuonja zile za pilipili kabla hazijapelekwa madukani. Wenzake walimwita Mama Pilipili. Mimi nilimwita Mama Mkubwa kwa sababu ni dada yake mama, na nilikuwa nakaa kwake, chumba cha mbele, mimi na cherehani yangu.

Siku moja alinichukua nikaone. Chumba cha kuonjea kina vibanda vidogo vidogo, kila kimoja na kiti chake, meza nyembamba, na kidirisha cha kupitishia vikombe. Taa zake ni nyekundu, ili mchuzi mkali na mchuzi wa kitoto ifanane rangi, ulimi uamue bila kudanganywa na macho. Hairuhusiwi kuongea. Kikombe kinapita kidirishani, mvuke unapanda, mwonjaji anavuta tambi, anameza, anasubiri. Kisha anatafuna mkate mkavu, anakunywa maziwa, anangoja kingine. Mle ndani ni kama umelala juani umefumba macho, unaona wekundu wa kope zako mwenyewe. Nilikaa kidogo tu nikaanza kusinzia.

Pilipili, alinieleza, haiji kwa pupa. Inaanza nchani mwa ulimi kwa adabu, mgeni anabisha hodi. Inapanda kwenye kaakaa, inaingia masikioni, masikio yanavuma. Hapo ndipo kiti kinapokuwa chepesi na kuta za kibanda zinasogea mbali, na Baba Mkubwa anatokea kwenye mvuke.

Baba Mkubwa alikuwa mumewe, mpaka rangi wa nyumba, na wakati huo tulikuwa tumeshamzika. Alikuja na ngazi begani, nyusi zimejaa rangi nyeupe kama alivyokuwa akirudi jioni zote za uhai wake. Aliegemeza ngazi kwenye mvuke, akapanda, akaanza kupaka. Hakumsemesha mkewe. Alipaka tu, polepole, ukuta usiokuwepo, kutoka juu kushuka chini, na Mama Mkubwa alimtazama machozi yakimfika kidevuni. Hakuna aliyemwuliza kulikoni, maana kila aliyekaa mle alikuwa analia.

Hilo la mwisho ndilo lililomfaa. Msibani hakulia. Alipokea wageni, alitandika mikeka, alihakikisha kila mtu amekula, macho makavu kabisa. Watu wakaona, na midomo ya watu haizibiki. Wakasema ana moyo wa jiwe. Jirani wa ng'ambo ya barabara alikuja kumwuliza uso kwa uso, mbona hivi mwenzetu, naye akamjibu, "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" kisha akamwongezea chai. Mimi nilicheka hadi nikashika mbavu. Sikujua kwamba alishajaribu kulia jikoni, bafuni, na kitandani upande wa mumewe, machozi yakagoma katakata. Aliyapata kiwandani, kikombeni, aliporudi kazini baada ya msiba.

Basi ikawa hivyo miaka. Ila ulimi nao ni mwili, unazoea. Pilipili iliyokuwa ikimtoa jasho ikawa haimtikisi. Baba Mkubwa akaanza kuja kwa mbali, hafifu, siku nyingine ikaja ngazi peke yake. Ndipo kiwanda kikatangaza kwamba waonjaji wote watapimwa, na atakayeonekana ulimi umekufa ganzi atahamishiwa kufungasha.

Nilimwambia aache kujisumbua. Mshahara ni ule ule, wafungashaji wanapiga soga kutwa, wana madirisha makubwa, na hawaunguzi matumbo yao. Nikasema kama ni mimi ningeomba mwenyewe. Mama Mkubwa alikuwa akikunja sare za shule nilizomaliza kushona, na hakuinua uso.

"Kule kuna mwanga," alisema. "Sasa mwanangu, mimi nitamlilia wapi?"

 Nikaketi karibu naye, nikamsaidia kukunja.

Tukaanza kuufufua ulimi. Nilipiga marufuku pilipili nyumbani, kitunguu nacho kikafuata, nikawa namlisha chakula cha mgonjwa kisicho na mbele wala nyuma. Alikula bila kunung'unika. Alasiri alijilaza na barafu mdomoni akitazama dari, na sijui alikuwa akiona nini huko juu, maana wakati mwingine alitabasamu. Mimi nilikula kile kile alichokula, kwa upendo, na nusura nirukwe na akili.

Yaliyotokea siku ya kupimwa nilisimuliwa na msimamizi wake, kijana mpole aliyemwita mama, na mengine nilisimuliwa na mwenyewe. Alipewa vikombe vinne avipange mstari mmoja, kuanzia mchuzi mpole hadi mkali. Kimojawapo kilikuwa mtego, tambi na maji na chumvi basi, na kila mwonjaji alijua mtego upo.

Vitatu alivionja macho makavu. Kilipopita cha nne mvuke ulipanda, akavuta tambi, akameza, akangoja hodi. Hakubisha mtu. Lakini Baba Mkubwa akatokea, karibu kuliko siku zote, bila ngazi. Alikuwa amemaliza kupaka. Alikaa upande wa pili wa meza ile nyembamba, akawa anafuta brashi yake kwa kitambaa, akamtazama mkewe. Machozi yakamtoka Mama Mkubwa kama yasivyowahi kumtoka. Ulimi haukumwambia kitu, ila ulimi alishaacha kuuamini zamani. Miaka yote hiyo alikuwa akipima ukali kwa machozi. Akakisukuma kikombe hadi mwisho wa mstari, mahali pa kikali kuliko vyote.

Msimamizi alimpa maziwa, akamwomba arudie. Alirudia, akakiweka pale pale.

"Mama, hiki hakina pilipili hata chembe."

"Lakini si unaona ninalia?"

"Naona, mama."

Akamsindikiza hadi getini. Kesho yake angeanza kufungasha.

Alifika nyumbani mchana kweupe. Mlango wa mbele nilikuwa nimeuacha wazi nipate mwanga wa kushonea, na watu walikuwa wakipita barabarani. Akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani, akaanza tena kulia, bila kelele, mikono mapajani. Jirani wa ng'ambo alikuwa anapita na kikapu chake, akasimama, akatutazama. Nikainuka haraka nikafunge mlango. Mama Mkubwa akanishika sketi.

"Uache," alisema.

Nikauacha. Nikamwuliza kama nimletee maziwa, maana ndicho nilichozoea kumpa akirudi na macho yale.

"Ya nini?" alisema. "Siwashwi na kitu."