Heshima Iliyonifukuzisha Kazi

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, kwa hiyo naanza na shukrani kabla hasira hazijanitangulia. Namshukuru Mungu kwa vijana wa kanisa letu la Louisville, huku Marekani, wale wale walionipotezea kazi.

Mimi na wao tulikuwa kundi la Wakongomani katika ghala moja la viatu. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wao. Nilikuwa nimeshavuka sitini, magoti mazima na mdomo mzima zaidi. Kazi yenyewe haikuwa na siri. Unashika skana, unasoma alama ya boksi, unalibeba na kuliweka kwenye mkanda unaotembea. Kila mtu alikuwa na skana yake, na kompyuta ilijua nani amebeba nini.

Sasa mwambie kijana aliyelelewa Uvira asimame akitazama mama wa rika la mama yake anainua boksi. Hawezi. Atakufa kwa aibu kwanza.

"Mama, acha, mi nabeba. Weye ikala tu pale."

Basi wananinyang'anya boksi, wanalisoma kwa skana zao, wanaondoka wakipiga mluzi. Nikikataa wanacheka. Nikifoka wananiletea chai. Siku moja niliwakalisha chini nikawaeleza kwamba kompyuta haijui heshima, kwamba kwake mimi ninaonekana mvivu. Mmoja wao akanijibu kwa upole wote, "Bon, mama, Mungu anaona." Utamfanya nini mtu wa namna hiyo?

Mungu aliona, lakini supavaiza pia aliona. Akaniita ofisini. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha salamu na cha kupandia basi, kwa hiyo akatafuta mkalimani, na aliyeletwa ni huyo huyo wa "Mungu anaona". Supavaiza alikuwa mtu mstaarabu, akazungumza polepole huku akinitazama kwa huruma. Kijana akatazama viatu vyake.

"Mama, anasema haiko kosa yako. Anasema bantu ba miaka yako banachoka, haiko haya. Donc... kesho usirudi."

Damu ilinipanda kichwani. Uchovu gani? Yule bwana hakuwahi kuniona nimechoka. Aliona miaka yangu, akajijazia mengine mwenyewe. Kijana naye akamgeukia, akafungua mdomo, nikajua anataka kukiri kwamba maboksi yangu aliyabeba yeye. Sheria ya pale ilikataza kuchukua kazi ya mwenzako. Angesema, tungetoka wawili, na nyumbani kwake kulikuwa na mke aliyetoka kujifungua.

"Nyamaza," nikamwambia kwa Kiswahili. "Mwambie nimeshukuru."

Akatafsiri huku machozi yanamtiririka. Nadhani supavaiza alifikiri ni mimi niliyemzaa.

Mwanangu akaja kunichukua, akanipeleka kwake Hilliard, pembeni ya Columbus. Nilipokewa kama malkia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini mimi jembe nililinyimwa. Nikishika sahani, mke wa mwanangu anaichukua. Nikishika ufagio, mjukuu ananipokonya na kunijibu kwa Kiingereza.

"Mama, bantu batasema namtumikisha mama mukwe," mkamwana wangu aliniambia. "Ikala, angalia televisheni."

Mwanamke huyu alikuwa anatoka kazini miguu imevimba, anapika, ananiwekea chakula mbele kwa mikono miwili. Namwombea kila siku. Lakini nilinenepa na nikanyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza. Hata kanisani walinipa kiti cha mbele, wakanifungulia soda. Mchungaji akasema penye wazee haliharibiki neno, watu wakaitikia amina. Halafu akina mama wakaenda chumba cha nyuma kupanga mapishi ya harusi. Mimi niliyepikia harusi tangu wao hawajazaliwa, hakuna aliyeniita. Nilibaki na soda yangu, nikashikwa na woga kweli kweli, kwa sababu niliona kwamba baada ya muda nitakizoea kile kiti.

Nilipomwambia mwanangu nataka kazi, alicheka, kisha akaniona uso.

"Mama, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea kitu. Mmenipenda mpaka sina la kufanya."

Hakulipenda jibu hilo, maana alijua watu watasema ameshindwa kumtunza mama. Hata hivyo mdogo wangu aliposema kwamba kule Buffalo, karibu na kwake East Side, kiwanda cha kufua mashuka ya hoteli kinatafuta watu, ni mwanangu mwenyewe aliyenipeleka. Tulipofika alibeba sanduku langu mpaka ndani, akanikumbatia kwa muda mrefu. Wapo watoto wasingekubali kubeba aibu hiyo kwa ajili ya mama yao, na wangu aliibeba.

Bosi wa kiwanda, mama mmoja mwenye sauti kubwa, hakuniuliza miaka. Aliuliza kama naweza kusimama shifti nzima. Nikasema ndiyo. Akanipa glavu, akaniweka na msichana wa Kirundi aliyekulia kambini Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu.

"Shikamoo, bibi," akasema, na akapiga goti kidogo.

Nikajisemea, haya, imeanza tena.

Kazi ilikuwa ya watu wawili mbele ya mashine ya kupiga pasi. Kila mmoja anashika kona yake ya shuka bichi, mnaliingiza pamoja kati ya magurudumu ya moto. Asubuhi ile ile binti akaruka upande wangu, akashika kona zote mbili anipumzishe. Shuka likaingia upande, likajiviringisha, mashine ikasimama. Bosi akatutazama kutoka mlangoni. Nikamshika binti mkono.

"Mjukuu wangu, heshima kama hii ilishanifukuzisha kazi. Ukinipenda, niachie kona yangu."

"Lakini bibi, wakisikia nyumbani nimekuacha uhangaike, watanisema."

"Waambie mimi nilikusema kwanza."

Alifikiri kidogo. "Haya. Lakini mimi naenda haraka, bibi."

"Nenda."

Kweli alikuwa anaenda haraka. Siku za kwanza nilirudi kwa mdogo wangu mabega yanawaka, nikalala kama mtoto. Kisha mikono ikajifunza. Na mdomo nao ukarudi, mpaka asubuhi moja nilikuwa nimegeuka nyuma, namhadithia jirani habari za harusi ya zamani, niliposikia sauti ikipasua kelele za mashine.

"Bibi! Unachelewa! Shika kona!"

Kiwanda kizima kiligeuka kututazama. Baba mmoja wa kwetu, aliyekuwa anasukuma toroli la mashuka, akasimama.

"Weye mutoto! Juu ya nini unaongelesha mukubwa vile?"

Binti akajiziba mdomo kwa mkono, macho yamemtoka. Mimi machozi yalinilengalenga, na sikuwa nimetukanwa. Tangu Louisville hakuna mtu aliyewahi kuniambia nimechelewa, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiningojea kwa lolote.

"Mwache," nikamwambia yule baba. "Anasema kweli, nimechelewa."

Nikamwomba binti msamaha, nikashika kona yangu.