Mbolea Katika Chumba cha Jirani

Mteja mmoja pale saluni, Kawangware 56, aliwahi kunusa vidole vyangu nikimsuka, akaniuliza kama nimetoka kukama ng'ombe. Nilimwambia ndiyo, kwa kuwa jibu la kweli lilikuwa refu. Asubuhi hiyo nilikuwa nimegeuza mavi ya ng'ombe, mimi na jirani yangu, nyuma ya ploti tulimopanga. Nilijisugua kwa limau, nikajisugua kwa majivu, harufu ikakataa kuhama. Mteja alirudi wiki iliyofuata, kwa hiyo nadhani nilisuka vizuri.

Ploti ilikuwa ya mama mzee wa Kikuyu aliyekuwa na ardhi ile tangu Kawangware ingali mashamba. Wapangaji wote tulimwita Shosho, yaani nyanya. Watoto wake walimsihi auze ng'ombe ili zizi ligeuzwe vyumba vya kupangisha, naye akawajibu kwamba chumba hakitoi maziwa. Kati ya zizi hilo na ukuta kulikuwa na kipande chembamba cha udongo, chekundu, kilichochoka. Shosho alituruhusu tupande mboga hapo, mimi na mama wa chumba kilichofuatana na changu.

Mama huyo alikuwa mtu wa upande wa ziwa, mjane mwenye watoto wawili wa shule, na alikaanga samaki pale steji ya matatu. Mdomo wake ulikuwa mkali, moyo wake laini. Mimi ni Mkamba wa Machakos, na wa kwetu tuna majivuno yetu kuhusu kilimo cha nchi kavu. Nilimwambia anipishe, mambo ya mbolea nayajua tangu utoto.

Kwetu mbolea hutoka kwenye boma la mbuzi. Jua la Machakos halina huruma, basi mavi yale yakishakanyagwa na kukauka msimu mzima huwa kama tumbaku ya kusaga, na mama yangu aliyachota na kuyatia shimoni moja kwa moja. Sikujua kwamba tulikuwa tukitumia kitu ambacho jua lilikuwa limeshakiivisha. Nikachukua mavi ya Shosho, mabichi, bado yakitoa moshi asubuhi, nikayazungushia miche yangu ya sukuma wiki kwa upendo wote. Kabla ya Jumapili majani yalikuwa yamekunjamana rangi ya karatasi ya kufungia nyama.

Jirani yangu aliinama, akaitazama miche ile, kisha akaketi chini kabisa ili acheke vizuri.

"Yawa! Dada, umepika mboga ikiwa kwa shamba!"

Ndiye aliyenifundisha kungoja. Tulilundika mavi kwenye kona, tabaka la mavi na tabaka la majani makavu na mabaki ya nyasi za ng'ombe, tukafunika kwa magunia ili mvua isiyaoshe utamu wake. Katikati tulichomeka kijiti kirefu. Ukikichomoa kikiwa moto mkononi, unarudisha gunia na kwenda zako. Kila Jumamosi tuligeuza, la ndani likaja nje, la nje likaingia ndani. Shosho alituangalia akiwa ameegemea mlango wa zizi na kututania kwamba tumeacha wanaume tukaanza kulea mavi. Lakini kijiti kilipotoka kimepoa, na lundo likawa jeusi, likimeguka, likinuka udongo wa baada ya mvua, alikuja mwenyewe na karai kujiombea kidogo kwa ajili ya viazi vyake.

Mwaka ule tulikula sukuma, kunde na managu, ule mnavu wa Nairobi, mpaka tukagawia ploti nzima. Shina moja la managu la jirani yangu lilinifika kiunoni. Sijawahi tena kuwa na mboga kama zile, na leo bado nashukuru kwamba nilichekwa mapema.

Kisha ikaja Desemba ya uchaguzi. Matokeo yalipotangazwa, moshi ulianza kuonekana upande huu na upande ule, maduka yakafungwa, na watu waliokuwa wakisalimiana niaje asubuhi wakaanza kuulizana makabila jioni. Sitaki kuyasimulia yote. Waliokuwepo wanayajua, na mimi nilipewa bahati ya kuwa wa kabila ambalo siku hizo wengi hawakulitilia maanani. Jirani yangu, mtu wa ziwa, hakuwa na bahati hiyo; mtaani kwetu kabila lake lilihesabiwa la wapinzani. Asubuhi moja vijana walipita wakiandika alama kwenye milango, na wa kwake ukaandikwa. Kabla ya adhuhuri pikapu ya kanisa ilimchukua pamoja na watoto, godoro na begi moja, akaenda kwa dada yake Kibera, upande unaopakana na Ayany, ambako watu wa kwao walikuwa wengi.

"Niangalilie nyumba," aliniambia.

Nilisema sawa. Sikujua ningeiangalia kwa kutumia nini.

Kilichonitia hofu ni hiki: chumba kitupu siku zile hakikukaa kitupu. Waliofukuzwa Kibera walikuja kwetu, waliofukuzwa kwetu walikwenda Kibera, na vijana wa mtaa wakajifanya maofisa wa nyumba, wakiingiza huyu mahali pa yule bila kumwuliza mwenye ploti. Mtu mwingine akishaingiza kitanda na watoto humo, jirani yangu asingekuwa na pa kurudi. Watoto wake walikuwa wakisoma hapa na wateja wake wa samaki walikuwa hapa. Kibera alikuwa akilala kwenye sakafu ya mtu.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka kutafuta unga, nikamkuta Shosho akitoka kwenye chumba kile na karai tupu. Mlango ulikuwa wazi. Ndani, katikati ya sakafu ya simiti ambayo jirani yangu aliipiga deki kila asubuhi hata kama hakuna maji ya kunywa, palikuwa na mavi ya ng'ombe. Mabichi. Akachota karai lingine zizini na kulimwaga hapo hapo, mbele ya macho yangu, bila kunitazama.

Mimi nina hasira za karibu. Nilimwita majina moyoni ambayo Mkristo hapaswi kuyajua. Nilijiambia kumbe mzee huyu ni kama wengine, kumbe vicheko vyote vya Jumamosi vilikuwa vya meno ya nje tu. Vitu vya jirani yangu, kitanda, kabati, sufuria, vilikuwa vimetoweka, nikajua vimeuzwa. Kuanzia hapo nilimsalimu Shosho kwa kidevu. Naye kila siku aliongeza karai, na kila Jumamosi alijifungia humo ndani na jembe la meno, nikimsikia kupitia ukuta akihema na kugeuza.

Vijana walikuja mwezi wa pili. Walikuwa wamebeba godoro la familia fulani, na familia yenyewe ilikuwa nyuma yao, baba, mama na mtoto mgongoni, wamechoka kama sisi sote.

"Shosho, sasa. Hiyo room ya huyo mama iko empty. Tumekuletea watu," kiongozi wao alisema.

"Karibuni," Shosho alisema, akafungua kufuli na kuusukuma mlango hadi mwisho.

Harufu ilitoka kwanza, kisha nzi. Kijana aliyekuwa mbele alirudi nyuma akamkanyaga mwenzake, akaziba pua kwa kola ya jaketi.

"Shosho, hii ni nini?"

"Ni mavi. Ng'ombe zangu ziko mingi na choo yao imejaa. Hii sasa ni stoo. Lakini kama hawa watu wanaweza lala nayo, mimi sina shida."

Mama mwenye mtoto alikuwa ameshageuka. Shosho alimwita. Alimwambia kanisa lililo mtaa wa juu lilikuwa likipokea watu, akamjazia chupa maziwa ya mtoto, akawasindikiza hadi getini. Aliporudi alifunga kufuli, akajifuta mikono kwenye aproni, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu Januari.

"Na wewe Mkamba, uache kuninunia. Vitu ya rafiki yako iko kwa nyumba yangu. Ningekwambia ungeambia kila mtu unamsuka."

Ni kweli, ningemwambia kila mtu ninayemsuka. Nilikwenda nikaona. Kitanda kilikuwa kimesimamishwa nyuma ya makochi yake, kabati limefunikwa kwa kitambaa cha kufuma, sufuria zimepangwa juu yake kwa ukubwa. Nilimshika mikono yote miwili, na aibu na furaha vilinijia pamoja nikashindwa kutofautisha. Akaninyang'anya mikono yake akasema anataka kwenda kukama.

Wakubwa wa siasa waliposhikana mikono na barabara kufunguka, nilimpigia jirani yangu simu arudi. Hakutaka. Mchuuzi mwenzake wa samaki alikuwa amepita mtaani akaona karai likiingia, na habari ilifika Kibera kabla yangu.

"Nyumba yangu imefanywa choo ya ng'ombe," alisema. "Dada, huko sirudi. Afadhali wangechoma."

Nilimweleza. Akanisikiliza, kisha akaniambia ninamtetea mzee kwa sababu ninaishi kwake. Akakata simu. Nilikaa kitandani nikifikiri ni maneno gani yangeweza kushindana na mavi, nikaona hakuna. Basi nikamwomba Shosho anifungulie chumba. Mabichi alikuwa ameyaweka karibu na mlango, safu fupi tu, ya kulinda. Nyuma yake, mpaka ukutani, lilikuwa lile lundo la Januari. Nilichomeka mkono mpaka kwenye kiwiko. Palikuwa poa kabisa.

Nilijaza mfuko wa unga mbolea ile, nikatembea nao, nikavuka Ngong Road, nikapita Ayany, nikateremka hadi kwa dada yake. Nilimkuta nje ya mlango akipara samaki. Kando yake palikuwa na mtungi wa plastiki uliokatwa nusu, umepandwa dania iliyonyong'onyea, ya manjano. Niliuweka mfuko mbele yake, nikaufungua.

Aliutazama kama mtu aliyetukanwa mara ya pili. Kisha mkono wake ukaenda wenyewe, kwa mazoea tu. Akachota, akafinya, akaachia ikamegukia vidoleni. Akanusa.

"Hii haijaguswa na mvua," alisema.

"Hapana. Iko chini ya mabati."

"Na imegeuzwa. Nani ameigeuza?"

"Yeye. Kila Jumamosi. Anajifungia huko ndani na jembe."

"Na umri yake yote?"

"Na umri wake wote. Mgongo unalia namsikia kwa ukuta."

Samaki walikuwa wakimngoja, nzi wakianza kujikaribisha, naye hakuwafukuza.

"Mtu akikudharau," alisema mwishowe, "anamwaga mavi kwa mlango yako anaenda. Hawezi rudi kila wiki kuyageuza."

Akaimimina ile mbolea kwenye mtungi wa dania, akaisambaza kwa vidole kuzunguka shina, akanawa mikono, akaingia ndani kukunja nguo za watoto.

Alirudi mvua ndefu zilipokuwa zimeanza. Yeye na Shosho hawakukumbatiana. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto na ng'ombe, wakaenda wote wawili kuutazama udongo nyuma. Tuliitoa mbolea kwa karai, mimi, yeye na wapangaji wengine, mpaka kipande chetu chekundu kikawa cheusi na tukabaki na ya kuwagawia majirani. Ile iliyofugwa chini ya mabati ilikuwa bora kuliko yoyote tuliyowahi kulea nje. Sukuma za mwaka huo niliwapelekea hata wateja wa saluni, na hakuna aliyeniuliza habari za vidole.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni chumba kilipobaki kitupu. Sakafu ilikuwa na rangi ya chai, na kuta zimelowa harufu hadi kwenye dirisha. Jirani yangu alisimama mlangoni, watoto nyuma yake. Shosho akaja na ndoo, sabuni ya unga na kitambaa. Akakusanya sketi yake, akapiga magoti. Katika miaka yangu yote ya kupanga Nairobi sikuwahi kuona landledi, mwenye nyumba, akipiga deki chumba cha mpangaji.

Jirani yangu alikimbilia kumshika mkono. "Shosho, hapana. Wacha, nitafanya mwenyewe."

"Mimi ndio nilikuchafulia," Shosho alisema. "Wacha nikuoshee."

Akaendelea. Jirani yangu alisimama kidogo, akavua viatu, akachukua kitambaa kingine, akapiga magoti kando yake. Walisugua bega kwa bega, maji yakitoka mlangoni ya kahawia, kisha ya kijivu, kisha meupe. Mimi nilikuwa wa kuleta ndoo, na nililia wazi wazi nikizibeba.

Walipofika ukutani Shosho alijinyoosha, akashika mgongo, akataka kuinuka. Jirani yangu aliinua macho akakagua sakafu, na ule mdomo wake wa zamani ukarudi.

"Shosho," alisema, "hapo kwa kona umeruka."

Shosho alicheka mpaka akakohoa. Kisha akarudi kwenye kona.