Somo la Kukataa

Binti wa marehemu dada yangu, niliyemlea hapa Mkata tangu utoto wake, alipata kazi za nyumbani nchini Uturuki. Wiki ya mwisho kabla ya safari alikuwa akijifunza lugha kwa simu. Jioni moja nilimsikia jikoni akirudia: merhaba, habari, teşekkür ederim, asante, evet, ndiyo. Nikamwuliza Waturuki husemaje hapana.

"Hayır, mjomba."

"Mbona hilo hulirudii?"

"Nimwambie nani? Naenda kufanya kazi, siendi kugombana."

Jibu hilo lilinikosesha raha, kwani nimesoma mengi kuhusu mabinti wanaonyang'anywa pasipoti na kufungiwa ndani. Nikaketi, nikamwambia tufanye kwamba mimi ndiye tajiri wake wa huko Uturuki.

"Nipe pasipoti. Nawe ukatae."

Akacheka. "Mjomba bwana! Tajiri gani huyo kavaa msuli?"

"Lete!"

Nilipokaza sauti, kicheko kilimkauka. Akaingia chumbani, akarudi, akapiga goti kidogo na kunikabidhi pasipoti kwa mikono miwili, kama impasavyo mtoto aliyelelewa vizuri.

Adabu humlinda mtu mbele ya waadilifu, dhalimu huitumia. Nikamrudishia pasipoti, nikaidai tena, naye akanipa tena. Tuliendelea hivyo hadi ugali ukapoa. Hatimaye alilitamka lile neno, kwa sauti ya chini, macho yakiwa sakafuni.

"Hayır," alisema, kisha akaongeza haraka, "Nisamehe, mjomba."