Kompyuta Iliyosinzia Nansio Tu

Fundi Shigela wa Mkuyuni, Mwanza, alikuwa na kasoro moja ambayo hakuna kifaa cha kuipima: hakujua kumsikiliza mteja. Ulikuwa hujamaliza kusema "shida yake ni...", kompyuta yako imeshaondoka mikononi mwako, imeshafunguliwa mgongo, nawe umeshaonyeshwa benchi. "Kaa pale. Usiguse." Na watu walikaa! Wakubwa wa ofisi, waliosoma kumzidi mara tatu, mbele ya bisibisi ya Shigela walikunja mikono wakatulia.

Wakishaondoka, aliwasengenya. "Wote wimbo wao mmoja: imekufa tu. Imekufaje? Lini? Ulikuwa unafanya nini? Hajui! Halafu huyo ana digrii."

Kazi yenyewe aliiweza, hilo tusimnyime. Ila mtu anayejua kitu kimoja vizuri huwa anadhani anajua na vingine, na huko ndiko Shigela alikoharibikia. Pale kaunta, katikati ya chaja na flashi, alitundika bangili za sumaku zinazodaiwa kushusha presha. Mwenyewe hakuziamini hata chembe. Aliwacheka wanaozinunua, ingawa alisubiri kwanza watoke nje. Alikuwa na hotuba yake kabisa: "Vaa mkono wa kushoto, upande wa moyo. Kulia inapandisha. Ukizoea hii, vidonge utavisahau." Mambo ya kushoto na kulia aliyatunga yeye, maana aliona dawa isiyo na masharti watu hawaiheshimu.

Mwaka huu alipata bahati kubwa. Shule moja ya sekondari jirani na Nansio, kisiwani Ukerewe, ilinunua kompyuta mpakato sita za mtumba, na mkuu wa shule, Mwalimu Josephat, akamwita kwa ushauri. Shigela alimshawishi waweke Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Haina virusi, haidai leseni ya kulipia, haisumbui. "Hii haiugui, mkuu. Ikiugua, jina langu hapa." Jumatano kabla ya Pasaka, mwalimu wa taaluma, Dorotea, mama wa miaka hamsini na ushee, alivuka kwa meli akaja kuzichukua Mkuyuni.

Haukupita muda, simu ikaanza kulia. Kompyuta ya Mwalimu Dorotea inalala yenyewe. Yuko katikati ya kuingiza alama za kidato cha nne, kioo kinazimika, anaiamsha, inalala tena. Shigela akaamuru iletwe Mwanza. Akakaa nayo siku tatu, akaandika, akatazama mechi mbili nzima, haikusinzia hata kidogo. Akairudisha na ujumbe kwamba mwalimu ajifunze kutumia vitu. Siku ya kwanza tu Nansio, ikalala.

Akiwa Mwanza, kwa njia ya mtandao, akaipekua kumbukumbu ya mfumo, lile daftari ambamo kompyuta huandika kila linaloipata. Iliandika wazi: kifuniko kimefungwa. Baada ya sekunde nne: kifuniko kimefunguliwa. Shigela akaguna. Nani anafunga kifuniko huku anaandika? Akaiamuru kompyuta isijali kifuniko kabisa. Ikatii. Mwalimu Dorotea akaifunga, akaiweka kwenye mkoba, nayo ikaendelea kuwaka humo ndani mpaka betri ikaisha na mkoba ukawa wa moto. Mkuu alipiga simu kwa sauti ambayo haikuwa na salamu. Shigela akaifuta amri ile, na usingizi ukarudi.

Kisha walimu wenyewe walifanya jambo la akili. Dorotea alibadilishana kompyuta na mwenzake, Odeta. Ile "mgonjwa" ikapona mikononi mwa Odeta, na ile nzima ikaanza kusinzia kwa Dorotea. Mkuu alimweleza fundi habari hiyo neno kwa neno. Mtu mwingine angeelewa palepale kwamba ugonjwa unamfuata mtu. Shigela alicheka mpaka akakohoa. "Basi mwalimu wenu ana mkosi, mkuu. Muombeeni."

"Ijumaa," mkuu alisema. "Alama zinatakiwa Jumatatu. Ijumaa ikipita hivi, nampa fundi mwingine zote sita, na Ukerewe nzima itajua kwa nini."

Hapo Shigela akaogopa kweli. Aliingia kwenye ule ukurasa ambako watu wa dunia nzima hupeleka hitilafu za Linux, akaandika: "Kompyuta inalala yenyewe. Rekebisheni haraka, wateja wanalalamika." Basi, hivyo tu! Bila aina ya mashine, bila toleo, bila kipande cha kumbukumbu. Yule aliyewasema watu kwa "imekufa tu" alikuwa ameandika "imekufa tu" yake, tena kwa ukali.

Alijibiwa na mtu mpole ajabu. Mashine gani? Toleo lipi? Tafadhali ambatanisha kumbukumbu. Shigela akaambatanisha huku anasonya. Jibu la pili likaja: kitambuzi cha kifuniko kwenye mashine hizo kinafanya kazi kwa sumaku, kiko upande wa kushoto, chini ya pale kiganja kinapopumzika. Je, kuna sumaku karibu? Na je, umewahi kumtazama mtumiaji mwenyewe akiitumia, wewe bila kuigusa?

"Maswali ya chekechea haya," Shigela alisema. "Yaani mimi ndiye nikae benchi?"

Lakini Alhamisi jioni hakuwa na kingine cha kujaribu. Ijumaa asubuhi alipanda meli, na mchana alikuwa ndani ya ofisi ya walimu, mkuu akiwa amesimama mlangoni, mikono mgongoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, fundi. Leo umekuja mwenyewe." Dorotea alionekana amechoka. Alikuwa ameegemeza paji la uso kiganjani, akasema kichwa kinamgonga tangu juzi.

"Pole. Hebu ingiza alama kama kawaida yako. Mimi sigusi."

Dorotea akaanza kuandika. Jina, alama. Jina, alama. Akatua kidogo asome karatasi, mkono wa kushoto ukatulia kwenye ukingo wa kompyuta, na kioo kikazimika. Kwenye kifundo cha mkono huo kulikuwa na bangili. Shigela hakuhitaji kuambiwa imetoka wapi.

Aliona njia ya kuponyoka, akaiparamia bila haya. "Mwalimu, nimeipata. Kuanzia leo hiyo bangili vaa mkono wa kulia. Kwisha habari."

"Kulia?" Dorotea akamtazama kama anayetukanwa. "Si wewe uliyeniambia kulia inapandisha? Unataka nife, fundi?"

Walimu wakacheka. Shigela naye akacheka kidogo, cheko la kuomba radhi, akasema basi aivue tu wakati wa kazi.

"Siivui. Hii ndiyo dawa yangu. Vile vidonge vya hospitali niliviacha Jumatano ileile niliyokuja kuchukua kompyuta, kama ulivyosema."

Cheko likamkauka Shigela mdomoni. Jina lake, kompyuta sita, Ijumaa ya mkuu, vyote alivyokuwa ameving'ang'ania njia nzima ziwani, havikuwa na uzito wowote tena. Aliona aibu, na nyuma ya aibu aliona hofu, maana mama huyu alikuwa amekaa zaidi ya miezi miwili bila dawa na kichwa kinamgonga.

"Mwalimu, hiyo haitibu kitu," alisema. "Nilikudanganya. Ivue, twende hospitali sasa hivi."

Mkuu akasema polepole, "Kumbe mashine haikuwa na ubovu wowote. Mbovu ni aliyetuletea."

Dorotea aliivua bangili, akaiweka juu ya kompyuta iliyokuwa imeamka. Ikalala. "Miezi miwili, Shigela," alisema. Hakumwita fundi.

Hospitalini Odeta alimshika mkono akaingia naye ndani. Shigela alipotaka kufuata, muuguzi alimnyooshea kidole. "Kaa pale. Usiingie." Alikaa kwenye benchi. Alitoa simu akaufungua ule ukurasa wa hitilafu, ambako mtu mpole bado alikuwa anasubiri jibu. Akaandika: Linux haina kosa, ni bangili ya sumaku, imeuzwa Mwanza, Mkuyuni, dukani kwangu. Akaituma kabla hajapata nafasi ya kuipamba.

Muuguzi akarudi na kadi mkononi, uso umekunjamana. "Presha mia moja tisini kwa mia moja kumi na tano. Huyu mama alikuwa anaendelea vizuri hapa kwetu. Ameacha dawa lini? Kwa nini? Nani alimwambia?"

Shigela akasimama.

"Jumatano kabla ya Pasaka," alisema. "Saa tano asubuhi, dukani kwangu. Nilimwambia mimi."