Viboko Viwili Alivyokula Athumani

Siamini bado. Juzi asubuhi tulizungumza kwa simu, akanicheka kwamba naandika Facebook kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa mtama. Alasiri nikaambiwa Athumani hatunaye tena. Inna lillahi.

Nyinyi mliosoma shule ya Tudor mnamjua Mwalimu Athumani wa sayansi. Mimi nilimjua ana miaka kumi na minne, kaptula imeraruka, tukikaa dawati moja hapa Mji wa Kale. Miaka ya arubaini hiyo, vita vimekwisha.

Siku moja mwalimu wetu, Bwana Elija, Mtaita, alikuja bila kitabu. "Leo tutapima mwendo wa habari mwilini."

Tukasimama uani, wavulana ishirini, tumeshikana mikono na kufumba macho. Yeye angembinya wa kwanza. Ukibinywa mkono wa kushoto, nawe umbinye jirani kwa wa kulia, hadi mwisho, naye anatazama saa. Kisha tungeshikana vifundo vya miguu, tuone habari itachelewa kiasi gani, maana kutoka mguuni hadi kwenye ubongo njia ni ndefu zaidi.

Loh, miguuni hatukufika! Habari ilikatika katikati ya mstari. Mara ya pili ikakatika. Mara ya tatu, pale pale.

"Nani amelala?" Bwana Elija akafoka.

"Mimi, bwana," Athumani akajibu. Akala viboko viwili mbele ya wote.

Hakuwa amelala. Alikuwa amenibinya mimi, mara zote tatu, na mimi sikuhisi kitu.

Wakati wa mapumziko alinivuta nyuma ya darasa, akaniambia nifumbe macho, akanichoma mkono wa kushoto kwa ncha ya penseli.

"Wasikia?"

"Nasikia nini?"

Nilipofumbua macho, mkono unatoka damu na yeye analia.

Mama alinipeleka kwa daktari: ulikuwa ukoma. Leo ndiyo mara ya kwanza nalitaja neno hili hadharani. Wanangu mnaosoma hapa, mniwie radhi. Dada yangu alikuwa ameposwa. Neno lile lingevuka kizingiti, posa ingevunjika siku hiyo hiyo, nami ningepelekwa kukaa mbali na watu.

Tulijua wanne tu: daktari, mama, mimi na Athumani. Kila Jumamosi alinisindikiza kuchomwa sindano, na baadaye kuchukua vidonge. Kwao alisema twenda kutazama mpira. Babake akimwuliza matokeo, anabuni. Timu ya mtaa wetu haijapata kufunga mabao mengi kama msimu ule!

Ramadhani tulifuturu sinia moja. Nilipotaka kujitenga alininong'oneza kwa hasira, "Keti! Wataka watu waulize?"

Tena, Mungu amrehemu, alinibinya vidole kila siku akiamini mishipa itaamka. Haikuamka. Vidole viwili hadi leo ni vya maonyesho tu. Lakini nilipona, dada akaolewa, nami nikaoa.

Wanafunzi wake, mwaukumbuka mnyororo wa mikono? Hakuuacha hata mwaka mmoja. Na ulipokatika hakumwuliza mtu kama amelala. Alipita kwa kila mmoja, taratibu, akimgusa mkono. Mlidhani ni uzee. Sasa mmejua.

Jana tukitoka makaburini nilimvuta kando mwanawe mkubwa. Nilimwambia, "Najua babako alikuhadithia lile jambo langu. Ahsante kwa kulificha."

Akanitazama. "Jambo gani, ami?"

Zaidi ya miaka sabini! Hata mwanawe wa kumzaa hakumwambia. Nilikaa juu ya ukuta wa nyumba ya watu nikalia, na kijana wa watu hajui anibembeleze kwa lipi.

Athumani, ndugu yangu, nilikuachia mzigo ule ukiwa mtoto na hukuutua hata siku moja. Leo nimeutua mimi, kwa mkono wangu, mbele ya watu wote. Huna tena cha kunifichia. Lala sasa, Athumani. Lala mwepesi.